Fonti ya mwandiko ikikugomea: dalili, chanzo na dawa

Fonti ya mwandiko wa kawaida, ile inayofanana na ujumbe ulioandikwa haraka kwa kalamu na kuachwa mezani, huleta malalamiko kuliko fonti nyingine yoyote ninayoijua. Mtu anaiona kwenye picha ya mfano, anaipenda, anaipakua, anaandika maneno yake mwenyewe, na uzuri wote unayeyuka. Anadhani faili limeharibika. Mara nyingi faili ni zima kabisa, ila anaitumia kama anavyotumia fonti za kila siku.

Fonti za kila siku ni kama matofali: herufi moja ukiisogeza kidogo, ukuta bado ni ukuta. Fonti ya mwandiko ni mnyororo. Mkia wa herufi hii unatakiwa kuingia kwenye mdomo wa herufi ifuatayo, kwa kimo kilekile na unene uleule. Enzi za uchapaji kwa herufi za metali kazi hii ilikuwa ngumu kwelikweli. Mchoraji Roger Excoffon alipoichora fonti ya Mistral kwa kampuni ya Fonderie Olive ya Marseille, ikatoka mwaka 1953, aliuchukua mwandiko wake mwenyewe, akaupanga hivi kwamba herufi ndogo moja inaishia mahali ambapo nyingine inaanzia. Siku hizi kompyuta hutusaidia kwa kubadilisha umbo la herufi kulingana na jirani yake. Lakini msaada huo una swichi, na baadhi ya dalili zilizomo humu huanza pale swichi hiyo inapozimwa.

Kabla hujatibu chochote, iandikie fonti yako sentensi hii:

Jioni mzee wangu aliwasha taa, akaona ng’ombe wawili wekundu wa bwana jirani wamelala kivivu nyuma ya choo.

Usihangaike na maana yake. Ndani yake mna karibu kila mtego wa Kiswahili: herufi pacha, "wa" na "vi" na "bw", ritifaa ya "ng’", mikia ya g, j na y. Picha za mfano za wauzaji wa fonti hazina hata nusu ya mitego hii, ndiyo maana zinapendeza.

Herufi hazishikani

Anza na swali la kipuuzi: je, fonti yenyewe ni ya kuunganisha? Si kila mwandiko umeunganishwa. Comic Sans ni ya mwandiko, na herufi zake zimeachana kwa makusudi. Angalia picha ya mfano. Kama hata pale herufi hazigusani, hakuna ugonjwa.

Kama zilipaswa kugusana, tafuta nafasi kati ya herufi. Lazima iwe sifuri, sifuri kabisa. Kuna mtu anaongeza nafasi kidogo "ili ipumue", kama alivyozoea kwenye herufi kubwa za vichwa vya habari, na papo hapo mnyororo unakatika. Kwenye tovuti madhara ni mawili: ukiweka `letter-spacing` yoyote isiyo sifuri, herufi zinaachana, na juu ya hapo vivinjari huacha kutumia maumbo ya hiari yanayounganisha herufi mbili kuwa moja. Ondoa mstari huo wote kwenye faili la mtindo (CSS), usiupunguze tu.

Chanzo cha pili kinawapata zaidi watumiaji wa InDesign na Illustrator, programu za kupanga kurasa na kuchora. Programu hizi zina njia mbili za kusogeza jozi za herufi: kufuata vipimo alivyoviweka mchoraji wa fonti, au kukadiria zenyewe kwa kuangalia maumbo. Makadirio hayo yanafaa pale fonti ilipotengenezwa kizembe. Kwa fonti ya mwandiko ni sumu, kwa sababu programu inaona mkia unaoingia kwa jirani na kudhani ni mgongano, kisha inaziachanisha. Rudisha vipimo vya mchoraji.

Kupanga maandishi yalingane pande zote mbili za ukurasa nako huvuta herufi, kama mipangilio inaruhusu. Panga kushoto au katikati. Na ukiyapindisha maandishi kwenye duara, upande wa nje wa tao herufi hutanuka juu, na upande wa ndani hubanana. Viungo vyote vinakosea kimo. Tao jepesi huvumilika. Duara kamili la mwandiko uliounganishwa sijawahi kuliona likipendeza bila mtu kukaa na kurekebisha kiungo kimoja kimoja kwa mkono.

Hapo kuna kipimo kimoja cha haraka: kuza skrini hadi asilimia 400. Pengo likitoweka, basi ni skrini tu iliyoshindwa kugawa nukta zake kwa ukubwa mdogo, na karatasini litatoka sawa. Likibaki, ni la kweli.

"Wa" ina nundu, "vi" ina ngazi

Hili ndilo tatizo letu hasa, na sioni likizungumzwa vya kutosha.

Katika mwandiko wa kuunganisha, herufi nyingi zinaishia chini, kwenye mstari. Andika "n" kwa kalamu utaona: mkono unamaliza chini, tayari kupanda kwenda herufi inayofuata. Lakini o, v, w na b zinamalizia juu. Ukiandika "wa" kwa mkono, kalamu haishuki kwanza. Inatoka juu ya w, inateleza kama kamba iliyolegea, na kuingia kwenye a kwa juu. Mkono wako unafanya hivyo bila kukuuliza. Fonti haina mkono. Ina "a" moja, iliyochorwa ikitarajia kupokea wino kutoka chini, isipokuwa kama mchoraji aliketi akachora "a" ya pili ya kuwekwa baada ya w, na "e" ya pili, na "i" ya pili.

Mchoraji anayefikiria Kiingereza atazitunza kwanza "th", "ll", "ff" na "tt". Katika maneno yetu jozi hizo ama hazipo au ni nadra. Sisi tuna "wa", "kwa", "wana", "mwenye", "vya", "bwa", karibu katika kila mstari. Kwa hiyo fonti inaweza kuwa imetunzwa vizuri mno na bado ikakuangusha kwenye neno "wewe".

Dawa ina ngazi tatu. Kwanza washa maumbo mbadala ya muktadha, ambayo ndani ya OpenType (muundo wa faili za fonti unaobeba kanuni kama hizi) hujulikana kwa alama ya `calt`, pamoja na herufi unganishi, `liga`. Kwenye Word, bonyeza Ctrl na D, nenda kichupo cha pili cha dirisha la fonti. Vyote viwili viko pale chini. Pili, kama hakuna kilichobadilika, fungua orodha ya maumbo yote ya fonti katika programu yako uone kama kuna "a" nyingine au "w" nyingine. Zipo fonti ambazo mchoraji aliyachora maumbo lakini hakuandika kanuni ya kuyaita. Tatu, achana nayo. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakikesha wakisogeza "a" mojamoja kwenye kadi yenye maneno 60. Kama "wa" haikai, chukua fonti ya mwandiko usiounganishwa. Humo w na a hazidaiani kitu.

Shimo kwenye ng’ombe

Ritifaa ya "ng’" inakaa juu, angani, wakati g iliyotangulia imerusha mkia wake chini na kuurudisha juu kumtafuta jirani. Jirani hayupo. Mkia unabaki unaning’inia, na upande wa pili "o" inaanza kana kwamba ni neno jipya. Neno moja linasomeka kama mawili.

Angalia kwanza ni alama gani umeandika. Ile iliyosimama wima (') mara nyingi ni ya kubandikwa tu katika fonti hizi. Iliyopinda (’) ndiyo iliyochorwa kwa kalamu ileile. Jihadhari na ile inayopinda kinyume (‘), ambayo programu huweza kuiweka yenyewe ukiandika alama hiyo baada ya nafasi tupu. Kisha, hapa peke yake, nakuruhusu kuvunja sheria ya nafasi sifuri: sogeza ritifaa kuelekea g, na "o" kuelekea ritifaa, mpaka mkia wa g upite chini ya ritifaa na kukaribia kugusa o. Kama fonti ina "g" ya mwisho wa neno isiyo na mkia wa kurudi, itumie. Neno likiwa kubwa, kwenye bango tuseme, fanya kazi hiyo kwa jicho, si kwa namba.

Herufi pacha zinafichua uongo

Mkono wa mtu hauandiki "e" mbili zinazofanana. Ukiona "mzee" yenye e mbili zilizokatwa kwa kisu kimoja, jicho linajua papo hapo kuwa ni mashine, hata kama msomaji hawezi kueleza kilichomkera. Kiswahili kimejaa maneno haya: taa, saa, choo, koo, mzee, juu, waliokaa.

Fonti nzuri zina maumbo mawili au matatu ya kila herufi na kanuni ya kuyazungusha. Caveat ya Pablo Impallari ni mfano wa bure: herufi zake hubadilika kidogo kulingana na zinapojirudia ndani ya neno. Ukiona haifanyi hivyo, ni `calt` imezimwa, au programu yako haijui OpenType kabisa. Baadhi ya programu za kuhariri video, na nyingi za simu, ziko katika kundi hilo la pili. Katika hali hiyo andika maneno kwenye programu inayojua, yageuze kuwa mchoro, kisha uulete mchoro.

Fonti ikiwa na umbo moja tu, geuza neno kuwa mchoro na uguse "e" ya pili: izungushe nyuzi 2, ipunguze kwa asilimia 3, shusha kitanzi kidogo. Ni kazi ya dakika mbili kwa neno la kichwa. Kwa aya nzima, usithubutu.

Jina lote kwa herufi kubwa halisomeki

Zima Caps Lock. Herufi kubwa za mwandiko zilichorwa kutangulia herufi ndogo, zikiwa na mapambo yanayohitaji uwanja upande wa kulia. Ukizipanga zenyewe kwa zenyewe zinapigana viwiko. Hakuna mpangilio wa kutibu hili.

Mikia ya g na y inakatwa

Fonti humweleza kompyuta kimo chake cha juu na cha chini, lakini wachoraji wa mwandiko hurusha mikia nje ya mipaka hiyo. Programu inayokata kila kilicho nje ya mpaka itakata mkia wa "jioni" na kilele cha "k".

Kwenye Word chanzo cha kawaida ni nafasi ya mstari iliyofungwa kwa kipimo kamili cha pointi. Iache ijipime yenyewe kwa kuzidisha, 1.3 au zaidi. Kwenye tovuti, ongeza kimo cha mstari na upana wa pambizo ya ndani. Mkia wa herufi ya mwisho ukikatwa upande wa kulia, kama kwenye video au picha zenye maandishi, weka nafasi tupu moja au mbili baada ya neno. Ni hila ya kienyeji na inafanya kazi.

Nimebonyeza B, imekuwa tope

Fonti nyingi za mwandiko zina uzito mmoja tu. Ukibonyeza kitufe cha kukoza, kompyuta haina uzito wa pili wa kutumia, basi inaipaka ileile unene bandia. Vitanzi vya e na a vinaziba. Kitufe cha kulaza ni kibaya zaidi, kwa kuwa herufi tayari zimelala: zinalala mara mbili, na viungo vinapinda. Viache vyote viwili. Ukitaka mkazo, ongeza ukubwa au badilisha rangi. Kwenye tovuti, `font-synthesis: none` itamzuia kivinjari asikufanyie hisani hiyo.

Nimeweka mstari wa nje, viungo vyote vinaonekana

Kumbuka mnyororo: kila pete imelala juu ya nyingine kidogo. Kwa rangi moja nzito huoni kitu. Ukiweka mstari wa kuzunguka herufi, kila mwingiliano unachoreka, na neno linajaa vijipembe. Katika baadhi ya programu hata rangi yenye uwazi hufanya hivyo, viungo vikawa vyeusi zaidi ya herufi.

Ziunganishe ziwe umbo moja. Kwenye Inkscape, programu ya bure ya kuchora: Shift, Ctrl na C kugeuza maandishi kuwa njia, Shift, Ctrl na G kuyatoa kwenye kundi, kisha Ctrl na alama ya kujumlisha. Weka nakala ya maandishi pembeni kwanza, maana baada ya hapo hutaweza kurekebisha tahajia. Mimi nimewahi kuunganisha neno lenye kosa, nikaligundua baada ya kulikata.

Na ukikata vinyl (karatasi ya plastiki ya kubandika) kwa mashine, hatua hii si ya urembo. Kisu hufuata kila mstari, kikiwemo kile kilichofichwa ndani ya kiungo, na neno litatoka vipande vipande. Kama badala ya kisu una kalamu au leza inayochora, tatizo linageuka: fonti ya kawaida ni mzingo wa herufi, kwa hiyo kalamu itachora kila mkono wa herufi mara mbili, kama barabara yenye kingo mbili. Hapo unahitaji fonti za mstari mmoja. Zile za Hershey, zilizotokana na kazi ya Allen Hershey katika maabara ya jeshi la majini la Marekani miaka ya 1960, zina mwandiko pia, na Inkscape inakuja nazo kama kiongezi.

Kwangu ni nzuri, kwa mwenzangu ni visanduku

Visababishi ni viwili, na vinatofautishwa kwa kuangalia tu. Kama maandishi yote yamegeuka kuwa fonti nyingine ya kawaida, mwenzako hana fonti hiyo. Tuma PDF iliyobeba fonti ndani, au mchoro. Kama maneno mengi yanasomeka ila mwanzoni na mwishoni mwa baadhi yake kuna visanduku vitupu, ulitumia herufi za mapambo zilizofichwa kwenye eneo la msimbo lisilo na maana ya pamoja, ambalo kila mchoraji hulijaza apendavyo. Nje ya fonti ile, msimbo huo si herufi. Hautafutiki, na programu inayowasomea wasioona haitautamka kama herufi. Kwa kichwa kilichogeuzwa mchoro, sawa. Kwa maandishi yanayopaswa kubaki maandishi, rudi kwenye herufi za kawaida.

Ni ndogo mno, inachosha

Pointi 12 za mwandiko si pointi 12 za Arial. Mikia na vilele vimekula nafasi, mwili wa herufi ndogo umebaki kiduchu. Anzia pointi 18. Baada ya hapo jiulize maandishi ni marefu kiasi gani. Mwandiko unafaa kichwa, jina, lebo, nukuu fupi, neno la shukrani chini ya barua. Maneno yetu marefu ("watakaowasilisha", "yanayotutatiza") hufanya mstari kuwa uzi usiokatika, na msomaji hana pa kushika. Mimi naishia mistari mitatu. Ya nne naipa fonti nyingine, tulivu, isiyojaribu kuiga kalamu.

Inasomeka vizuri, lakini watu wanacheka

Hapa fonti haina kosa, ila imevaa nguo isiyo ya shughuli. Vincent Connare alianza kuichora Comic Sans mwaka 1994 baada ya kuona mbwa wa katuni kwenye programu ya Microsoft Bob akiongea kwa Times New Roman. Mbwa hastahili kuongea kama gazeti. Fonti ilichelewa kuingia kwenye programu hiyo, ikasambaa kwingine. Tarehe 4 Julai 2012, mwanafizikia Fabiola Gianotti alipowasilisha matokeo ya chembe ya Higgs huko CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, slaidi zake zilikuwa za Comic Sans, na mjadala wa fonti ukaenda sambamba na ule wa fizikia.

Mwandiko wa kawaida unasema: mimi ni mtu, nimeandika mwenyewe, tusiitane waheshimiwa. Kwenye kadi ya pongezi ni sauti nzuri. Kwenye onyo la umeme, kipimo cha dawa au barua ya kumwachisha mtu kazi, sauti hiyohiyo ni dhihaka. Kipimo changu ni kuisoma sentensi kwa sauti ya rafiki anayetabasamu. Ikisikika vibaya, ibadilishe fonti.

Kila kitu ni sahihi, bado inaonekana bandia

Viungo vimeshikana, pacha zimetofautiana, na bado. Mara nyingi ni mistari: imenyooka mno, imeanzia mahali pamoja, imeachana sawasawa. Zungusha kundi zima nyuzi 3 kwenda juu, sukuma mstari wa pili ndani kidogo, na usichanganye miandiko miwili kwenye ukurasa mmoja, maana inasomeka kama watu wawili wanagombea kalamu. Ikiwa ni maneno mawili matatu tu, mathalani jina lako chini ya barua, funga kompyuta. Chukua kalamu nyeusi na karatasi nyeupe, liandike mara 20, piga picha lile la 14 au la 15, pale mkono uliposahau kwamba unatazamwa.